Kabla hujanunua mashine ya boti, tafuta spea zake kwanza

Wavuvi wa huku Wete, Pemba, wakija kuniuliza wanunue mashine gani ya boti, mimi huwauliza kwanza: kiwanda chake kikifungwa, spea utazitoa wapi? Wengine huona nawachelewesha. Lakini nimeshatengeneza mashine nyingi za watu, na najua inavyouma kumwambia mtu mzima, msimu umeshaanza, kwamba boti yake itakaa juu ya mchanga kwa sababu ya gea moja ya mguuni, ile sehemu ya mashine inayozama majini, ambayo haipatikani Unguja wala Dar es Salaam.

Mpwa wangu anasomea ufundi wa ndege. Ndiye aliyenipa mfano wa jambo hilihili: Enstrom, kiwanda kidogo cha helikopta katika mji wa Menominee, jimbo la Michigan, Marekani. Kampuni iliundwa mwaka 1959 kutokana na majaribio ya Rudy Enstrom, na helikopta yao ya F-28 ikapata cheti mwaka 1965. Ni chombo kizuri: injini ya pistoni ya Lycoming, pangaboi la mapanga matatu, na fito za kuliongoza zimepitishwa ndani ya shafti yenyewe, hazikuachwa nje. Fundi akiona kazi kama hiyo moyo humfurahi.

Sasa tazameni kiwanda hicho kilivyopita mikono. Mwaka 1968 kilinunuliwa na Purex, kampuni ya sabuni! Mwaka 1971 kikachukuliwa na F. Lee Bailey, wakili maarufu. Miaka ya 1980 miongoni mwa wamiliki alikuwamo Dean Kamen, ambaye baadaye alibuni Segway, kile chombo cha magurudumu mawili cha kupanda umesimama. Wakaunda helikopta ya injini ya tabo (turbine) badala ya pistoni, wakashindania kazi ya kuwapatia wanajeshi wa Marekani helikopta za mafunzo, kampuni ya Bell ikawashinda. Baadaye wakaja wenye mtaji wa Kichina. Januari 2022 kikafilisika na milango ikafungwa.

Hapo ndipo panaponihusu mimi. Sisi mashine za boti zikikwama twaweza kuchongesha bushi kwa fundi wa mashine ya kukereza, safari ikaendelea. Helikopta hairuhusiwi hivyo. Kifaa kisichoidhinishwa hakifungwi, na chombo kinabaki chini hata kama kilichobaki chote ni kizima. Wamiliki wake waliokolewa kwa sababu mwaka huohuo Chuck Surack, mfanyabiashara wa Marekani, alinunua mali za kiwanda pamoja na haki za miundo yake, na kazi ikarudi palepale Menominee.

Kwa hiyo, ndugu zangu, msiikatae chapa kwa sababu kiwanda ni kidogo au kimebadilisha wamiliki. Ulizeni kama michoro na spea vilihama pamoja na jina, maana jina peke yake laweza kuuzwa na kubandikwa kwenye kitu kingine kabisa. Halafu, kabla ya kutoa pesa, nenda madukani ukatafute impela ya maji (ile ya pampu ya kupozea mashine), gasketi na gea za mguuni za mashine hiyohiyo. Usikubali neno la "zinakuja". Zione kwa macho, uzishike. Kitabu cha mashine kidai pia, kwa sababu namba za spea zimo humo.

Mwenye chapa ngeni tayari, aniletee namba iliyopigwa kwenye mashine. Zipo ambazo spea zake huingiliana na za chapa nyingine, na hilo naweza kumtazamia kabla kaskazi haijaingia.