Igizo dhima katika darasa la wanafunzi 87

SWALI: Nafundisha Historia darasa la sita. Nina wanafunzi 87 na kipindi cha dakika 40. Mwongozo unanitaka nitumie igizo dhima, lakini kila nikijaribu, watoto sita wanaigiza mbele, waliobaki wanacheka na kupiga kelele, na kengele inagongwa hatujagusa somo. Mwalimu mkuu ameanza kuniuliza kama ninafundisha au ninachezesha. Wiki ijayo naingia Vita vya Majimaji. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, tatizo lako ni wale 81 waliobaki kwenye madawati. Umewapa kazi moja tu, ya kutazama, na mtoto anayemtazama mwenzake akibabaika atamcheka. Wengi wetu tumeyajulia maigizo kwenye sherehe na mashindano ya shule, ambako kuna jukwaa, maleba na wiki nzima za mazoezi. Hayo yana mahali pake. Kipindi cha Historia hakitaki onyesho. Kinataka darasa zima liingie ndani ya jambo kwa wakati mmoja, asibaki mtazamaji.

Mbinu inayokufaa ni ya mwalimu mwenyewe kuingia katika uhusika. Aliyeieneza sana ni Mwingereza Dorothy Heathcote, mwalimu wa maigizo. Huhitaji kuwa mwigizaji, kofia inatosha.

Andika ubaoni: 1905, Umatumbi, pamba ya lazima. Eleza kwa ufupi kwamba serikali ya Kijerumani iliwalazimisha watu wa huko, kusini mwa Tanzania ya leo, kulima mashamba ya pamba, na amri ilipitia kwa maakida na majumbe, yaani watu waliotumiwa na serikali hiyo kusimamia vijiji. Kisha, bila kusogeza dawati hata moja, tangaza kwamba kila dawati ni kaya: kuna bibi, baba, mama, kijana. Shamba lao la chakula limeota magugu.

Toka nje, vaa kofia, ingia ukiwa akida. Usipaze sauti. Akida mpole anatisha zaidi, tena hachekeshi. Sema: kesho kila kaya itoe watu wa kwenda kwenye pamba, palizi zenu zitasubiri. Toka, simama mlangoni, waache dakika tatu wajadiliane nani aende na akikataa itakuwaje. Lazima wanong'one, kwa sababu akida yuko nje anasikiliza. Hapo kelele umeidhibiti kwa igizo lenyewe, huna haja ya kugonga meza.

Sasa vua kofia, rudi ukiwa mjumbe wa siri kutoka kijiji cha Ngarambe. Waambie yuko mtu aitwaye Kinjeketile Ngwale, anatoa dawa ya maji, na risasi za Mjerumani zitageuka maji. Hapa usiharakishe. Ukifundisha jambo hili kwa chaki peke yake, utasikia kicheko na mtoto mmoja atauliza kwa nini wazee wetu walikuwa wajinga. Lakini kaya iliyokwisha kuambiwa iache palizi yake inalipima jambo hilo kwa namna nyingine. Bibi ataamini, kijana atatilia shaka, mama atauliza kama kijiji cha pili nao wamekunywa. Swali hilo la mama likitoka, lishike, lirudie kwa darasa zima, maana ndilo kiini cha somo: maji yaliwapa watu wa makabila mbalimbali, ambao hawakuwa na jeshi moja wala mtawala mmoja, sababu ya kusimama pamoja. Ukiona halitoki, liulize wewe ukiwa mjumbe.

Sema "Ganda!" Kila kaya igande kama sanamu ya uamuzi wake. Pita, gusa mabega ya watoto kama wanane, kila mmoja aseme sentensi moja ya anachowaza.

Kisha weka kofia mezani na useme wazi kwamba tumetoka kwenye igizo. Usiruke hatua hii. Yaliyofuata simulia kwa mdomo: pamba iliyong'olewa Nandete Julai 1905, Kinjeketile kunyongwa Agosti mwaka huohuo, vita kuendelea hadi 1907, na njaa iliyoletwa na Wajerumani kuchoma mashamba na maghala. Viboko na kitanzi visiigizwe kamwe. Mtoto anayepewa nafasi ya Mjerumani mwenye kiboko ataifurahia, na aliyechapwa ataendelea kutaniwa kwa jambo hilo wakati wa mapumziko.

Usichanganye mbinu hii na ile ya TUSEME, iliyoanzishwa 1996 na wanasanaa wa maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ile inawapa wasichana nafasi ya kuigiza na kuchambua matatizo yao wenyewe shuleni. Ni kazi nzuri sana, lakini inataka muda, usiri, na mtu wa kushughulikia yatakayofichuka. Usiijaribu katikati ya kipindi.

Dakika saba za mwisho ni za daftari: "Ukiwa mmoja wa kaya yako, eleza sababu mbili za kujiunga na vita au kukataa." Sahihisha sababu, uigizaji usiupe alama. Na mwalimu mkuu akija na swali lake, mkabidhi daftari kumi za kipindi hicho na kumi za kipindi cha chaki, azisome mwenyewe.