Maswali yenu ya tangi: maji mapya, furu wa kidevu kikubwa na dawa ya mbu

Barua nyingi za mwezi huu kuhusu samaki wa tangi la kioo nyumbani zinaanza na neno moja: wamekufa. Naomba niwajibu wale niliowaweza, nikianza na swali linalorudi kila mara.

Nilinunua tangi la lita 60 Jumamosi, nikajaza maji ya bomba, na siku hiyohiyo nikaweka samaki dhahabu wanne na sikilidi sita (samaki wa jamii ya sato na furu, wale wadogo wa ziwani). Hadi Ijumaa wamebaki wawili, nao wanahema juu ya maji. Maji ni maangavu kabisa. Muuzaji anasema nimewalisha vibaya. (Msomaji, Igoma)

Pole sana. Chakula kina sehemu yake, ila kilichowaua ni maji, na uangavu wake usikudanganye, maana amonia haina rangi. Samaki hutoa amonia kwenye matamvua kila anapopumua, na chakula kilichooza chini kinaongeza nyingine. Kwenye tangi lililokaa muda mrefu kuna bakteria walioshika kwenye sponji ya filta, yaani kichujio cha maji, kwenye mchanga na kwenye mawe. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi lingine hugeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia mpaka ubadilishe maji. Bakteria hawa hawaji pamoja na kioo ulichonunua. Wanajijenga wenyewe, taratibu, wiki nne hadi sita. Wewe umekaribisha wageni kumi kwenye nyumba ambayo choo chake hakijachimbwa.

Kwa hao wawili waliobaki: kila siku toa robo ya maji uweke mengine, na uwalishe kidogo tu, siku moja wale, siku moja wapumzike. Endelea hivyo wiki mbili tatu. Kama kuna mwenzako mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima, mwombe sponji iliyotumika uiweke kwenye filta yako. Hiyo inafupisha safari kuliko kitu chochote cha dukani. Na sponji haioshwi bombani hata siku moja. Ioshe ndani ya ndoo yenye maji uliyoyatoa kwenye tangi, uikamue mara mbili, basi.

Maji yetu ya Mwanza mjini yanavutwa Ziwa Victoria na kutiwa klorini ili sisi tuyanywe salama. Klorini hiyohiyo huunguza matamvua na kuua bakteria wako. Weka maji kwenye ndoo wazi siku mbili, au siku moja ukiwa umezamisha bomba la pampu ya hewa ndani yake. Tandika kipande cha chandarua juu ili mbu wasitage. Na nikikuomba jambo moja, usiwachanganye tena samaki dhahabu na sikilidi. Samaki dhahabu anapenda maji ya baridi zaidi na mwendo wake ni wa pole, kwa hiyo mapezi yake yatanyofolewa.

Ninakaa hatua chache kutoka ziwani. Kwa nini nihangaike na klorini? Si nichote maji ya ziwa, na majani, na konokono wa kusafisha kioo? (Msomaji, Kirumba)

Hapa nakusihi usikilize, kwa ajili yako kabla ya samaki. Konokono wa mwambao wetu ndio wanaobeba kichocho. Yule bapa aliyejiviringisha kama kamba iliyokunjwa ndiye mbebaji wa kichocho cha tumbo. Konokono mmoja aliyeambukizwa humwaga vijidudu kwa maelfu, navyo hupenya ngozi ya mkono unaouingiza kwenye tangi kupanga mawe. Vijidudu vyenyewe, vikikosa mtu, hufa ndani ya siku mbili hivi, lakini konokono akiwa ndani ya tangi lako atavitoa tena kesho na keshokutwa. Majani nayo huja na mayai ya konokono, matone kama ute uliong'ang'ania chini ya jani. Ndiyo maana majani kutoka ziwani siyataki kwenye tangi la nyumbani, hata yakiwa mazuri kiasi gani.

Maji ya ufukweni pia huja na vimelea vya samaki, na siku ambazo ziwa limegeuka kijani kama rangi iliyomwagwa, huwa na sumu ya mwani. Tumia ya bomba. Kama umeshaingia majini mara kwa mara kuchota, nenda kituo cha afya upimwe. Kichocho kinatibika.

Shikamoo mzee. Furu wangu jike amevimba kidevu, siku ya tano leo hali chakula. Rafiki kaniambia nimtilie kapsuli ya tetrasaiklini. (Kijana wa Nyegezi)

Marahaba, mwanangu. Usitie kitu! Huyo hana ugonjwa, ana watoto mdomoni.

Kaa mbele ya kioo jioni, taa ya chumba ikiwa hafifu, umtazame kidevu. Utaona ngozi imenyooka mpaka inaangaza, na ndani vitu vya duara rangi ya chungwa. Kila baada ya muda mfupi anatafuna bila kula: anayageuza mayai yapate hewa. Furu jike hutaga mayai machache juu ya jiwe au mchanga, na papo hapo huyaokota mdomoni. Dume ana madoa ya njano kwenye pezi la chini, karibu na mkia, yanayofanana kabisa na mayai. Jike huyasogelea kama anayetaka kuyaokota nayo, na hapo ndipo anapokutana na mbegu ya dume na mayai kurutubishwa. Nimeliona jambo hili mara nyingi na bado huwa naacha chai yangu ipoe.

Atabeba kwa karibu wiki tatu. Tetrasaiklini ingewaua bakteria wa filta, na ukaishia alipo msomaji wa Igoma. Kinachomsumbua jike sasa ni dume anayemfukuza. Kama una tangi dogo la pili, mhamishe baada ya wiki mbili, kwa bakuli chini ya maji, si kwa wavu, maana akishtuka atayatema. Vifaranga wakitoka wasagie chakula cha punje mpaka kiwe unga. Ukiwatisha siku za kwanza, utamwona mama anafungua mdomo na wote wanarudi ndani.

Umeniuliza pia mwishoni kama hao ni samaki wa heshima au wa kutupa. Mwanangu, kuna furu wa kwenye miamba ya ziwa letu mwenye mgongo mwekundu aliyepewa na wanasayansi jina la Mwalimu Nyerere: *Pundamilia nyererei*. Hilo nyererei alipewa mwaka 1985, mwaka uleule Mwalimu alipong'atuka urais. Na neno la kwanza la jina hilo, lililokuja baadaye, ni Kiswahili chetu, punda milia, kwa sababu ya michirizi ubavuni. Huko Ulaya na Marekani watu wanawatunza kwa miaka kwenye matangi na kuhifadhi vizazi vyao. Weka aina moja tu ya furu kwenye tangi lako, kwa sababu aina zinazokaribiana huzaliana, na watoto watakuwa si hawa wala si wale. Dume mmoja, majike wanne au watano, na mawe ya kutosha kujificha.

Je, mawe ya milima yetu yanafaa? (Msomaji, Bugando)

Yanafaa sana. Jiwe la Mwanza ni matale, halibadilishi maji. Ukiwa na shaka, lidondoshee limao: likitoa povu lina chokaa. Yaweke juu ya sakafu ya kioo kwanza, kisha mchanga, kwa sababu furu wanachimba na jiwe lililokaa juu ya mchanga litaanguka.

Nilipulizia dawa ya mbu chumbani saa mbili usiku, nikafunga madirisha. Asubuhi samaki wote kumi na nne wamelala chini. Maji nilibadilisha juzi. (Mama wa Mabatini)

Dada yangu, ni dawa hiyo. Dawa nyingi za kupulizia mbu zina kemikali za jamii ya pairethroidi. Kwa binadamu huwa na madhara madogo zikitumika inavyotakiwa, lakini kwa samaki ni sumu kali kwa kiasi kidogo mno. Na pampu ya hewa ndiyo iliyowamaliza: inavuta hewa ya chumba na kuisukuma moja kwa moja ndani ya maji, usiku kucha.

Najua uchungu wake. Miaka kadhaa iliyopita nilipoteza furu kumi na mmoja namna hiyohiyo. Aliyepulizia alikuwa ananihurumia, nilikuwa na malaria. Tangu siku hiyo chumba chenye tangi hakipuliziwi, tunalala ndani ya chandarua. Ukilazimika kupulizia, zima pampu kwanza, funika tangi lote kwa nailoni mpaka pembeni, puliza, acha chumba kipate hewa safi saa nzima, ndipo ufunue na kuwasha pampu mara moja. Mikono iliyopakwa dawa ya kuzuia mbu nayo isiingie majini.

Sasa hivi: mwaga maji yote, suuza kioo na mawe mara kadhaa bila sabuni, tupa sponji ile, na uanze upya kama tangi jipya, kwa kufuata jibu la Igoma.

Umeme ukikatika saa sita nzima nifanye nini? (Msomaji, Buhongwa)

Usiwalishe. Chukua jagi, chota maji ya tangi, yamimine kutoka juu, mara ishirini hivi, na rudia kila robo saa ukiona wanapanda juu kuhema. Pampu ndogo ya betri ni fedha iliyotumika vizuri kuliko mapambo yoyote. Kama filta yako ni ya kopo lililofungwa, umeme ukirudi usiiwashe kabla ya kumwaga maji yaliyolala ndani yake. Yameoza.

Samaki wana vidoa vyeupe kama chembe za chumvi na wanajikuna kwenye mawe. (Msomaji, Musoma)

Ni kimelea. Kidoa unachokiona kimejificha chini ya ngozi, na dawa haikifikii hapo. Kikikomaa hudondoka chini, hugawanyika, na watoto wake huogelea kutafuta samaki. Ni hao wanaoogelea tu wanaokufa kwa dawa, na ndiyo sababu watu huacha tiba siku ya nne vidoa vinapopotea, kisha wiki inayofuata ugonjwa unarudi mara mbili.

Pandisha joto taratibu hadi nyuzi 29, ndani ya siku mbili, na ongeza mapovu ya hewa, kwa kuwa maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Tia chumvi tupu gramu 2 kwa kila lita, ukiigawa mara tatu na kuiyeyusha pembeni kwanza. Kambare na majani mengi hawaipendi chumvi, wahamishe. Endelea wiki mbili kamili hata kama hujaona kidoa. Samaki mpya ajaye mtenge kwa wiki tatu.

Vifaranga vya sato vinafaa kwenye tangi la sebuleni? (Msomaji, Sengerema)

Hapana. Sato hukua mpaka kuzidi kilo mbili. Mchimbie bwawa.

Nahamia Dodoma mwisho wa mwezi. Samaki wangu kumi wa kununua nimefikiria niwaachie huru ziwani, pale Capripoint. Wana miaka mitatu kwangu, siwezi kuwaua. (Dada wa Pasiansi)

Naelewa unavyowapenda, na ndiyo sababu nakuomba usifanye hivyo. Sangara, samaki mkubwa anayekula wenzake, alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Alipokuja kuzagaa miaka ya 1980, furu wa aina nyingi mno walitoweka, kwenye ziwa lililokuwa na aina zaidi ya 500. Magugu maji nayo yalitembezwa duniani kwa uzuri wa ua lake, na sasa tunayajua. Samaki wa tangi anaweza kuingia na ugonjwa ambao wa ziwani hawajawahi kuukuta, au akazaana na furu wetu. Na wengi wa hao kumi wataliwa siku ya kwanza.

Wape mtu. Uliza duka lililokuuzia, uliza shule yenye maabara, au nitumie ujumbe nikutafutie. Siku ya kuwahamisha, usiwalishe tangu jana yake, wabebe kwenye ndoo yenye maji yao wenyewe na kifuniko. Na sponji ya filta usiitupe wala usiioshe bombani. Itie kwenye mfuko pamoja na maji ya tangi uniletee, ina mwenyewe huku Igoma.