Ukitaka kujifunza kioo cha moto, tafuta fundi kabla ya tanuri

Vijana wanaoniuliza jinsi ya kuwa msanii wa kioo huanza na vifaa: tanuri linapatikana wapi, bomba la kupulizia ni bei gani. Jibu langu ni lile lile: tafuta kwanza karakana ya kufanyia kazi chini ya fundi.

Mtazame Lino Tagliapietra, fundi maarufu wa kioo kutoka Italia. Alizaliwa 1934 Murano, kisiwa ambako matanuri ya kioo ya mji wa Venice yalihamishiwa mwaka 1291. Aliingia karakana ya Archimede Seguso akiwa bado mtoto, na alipofika miaka 20 na ushei alikuwa ameshaitwa maestro, yaani fundi mkuu. Miaka ya katikati ilikuwa ya kuwatumikia wengine, na humo ndimo mkono wake ulimojengeka.

Kioo cha nyuzi 1,100 hivi za Selsiasi kimelegea kama asali. Ukisita kuzungusha bomba, kinalalia upande mmoja. Mimi nilipokuwa najifunza nilipewa kazi ya magazeti: kuyalowesha, kuyakunja matabaka, kumkabidhi fundi ayaweke kiganjani afinyange kioo kinachowaka. Karatasi inafuka mvuke na harufu ya kuungua, lakini maji yanaukinga mkono. Kwa kusimama pale karibu nilijua lini anabana na lini anaachia, jambo ambalo hakuwahi kulieleza kwa maneno. Ila kutumikia si kutumikishwa bure. Mkubaliane malipo mapema, hata yakiwa madogo.

Ukianza kuyeyusha chupa kuukuu, usizichanganye na kioo cha dirisha. Hutanuka na kusinyaa kwa viwango tofauti, na chombo kinaweza kupasuka kikipoa. Hata kioo cha aina moja hukaa kwenye tanuri la kupozea, kuanzia nyuzi 500 hivi, kikishushwa taratibu hadi kesho yake.

Kuhusu mtindo wako, usiufungie kwenye kioo. Mwaka 1979 Tagliapietra alikwenda kufundisha Pilchuck, shule ya kioo katika jimbo la Washington, Marekani, ingawa mafundi wa kwao walizoea kuficha siri za kazi. Naupenda sana uamuzi ule. Aliwafundisha wanafunzi wa huko kutumia fito nyembamba za rangi zinazosokotwa ndani ya kioo, naye akakutana na wasanii wasiojifunga kwenye vyombo vya mezani. Baadaye alitengeneza mashua ndefu za kioo zinazoning'inizwa kwa kundi, wazo alilolichota kwenye maji ya nyumbani kwake.

Sisi nasi tuna pa kuchota. Shanga za Venice zilipita Zanzibar na kuingia bara na misafara ya karne ya 19, watu wakazichagua kwa rangi walizozitaka wao. Fito zile zile zinaweza kufuata mistari ya mkeka wa ukindu. Anza kuchora mikeka ya kwenu sasa, hata kabla hujapata karakana.

Na siku ya kwenda kuomba nafasi, vaa pamba na viatu vilivyofunika vidole. Nailoni ikiguswa na kipande cha moto huyeyuka na kugandia ngozini.