Unakwenda Finland Januari na raba? Yakhe, baridi haivumiliwi

Mdogo wangu wa Micheweni, nimesoma swali lako la safari ya kwenda kusoma Oulu, Finland, mpaka chai imenipoa. Umeuliza koti, chakula cha halali, pesa ya kuanzia, na mtu huchukua muda gani kuzoea. Lakini kilichonikamata ni kile ulichokitupia katikati kama si kitu: kwamba utaondoka na raba zako na trakisuti, vyengine utanunua posho ya kwanza ikiingia, kwa sababu "baridi naijua, nimekesha baharini na karabai tangu mdogo".

Huijui. Wallahi huijui.

Kipupwe chetu, hata usiku na kusi inavuma, kwa kawaida hakishuki chini ya nyuzi 20. Oulu Januari nyuzi 10 chini ya sifuri ni siku ya kawaida tu, na ikikaza inafika 25 chini, mara nyengine 30. Hesabu mwenyewe pengo lake. Baharini ukipata baridi unajifunika turubai, kukicha jua linakupasha. Kule mwisho wa Disemba jua linatoka saa nne na nusu hivi asubuhi, na saa nane mchana limeshazama. Adhuhuri na magharibi hazipishani saa mbili, alasiri imebanwa humo humo. Na hilo jua lenyewe ni la kuliangalia, halipashi kitu. Wewe utafika siku zimeanza kurefuka kidogo, lakini baridi ndiyo kwanza inashika kasi.

Mie nilifika vuli yao, nikaiona theluji ya mwanzo inaanguka usiku. Nikatoka nje na kandambili, nikachota mkononi, nikaila. Ndiyo, niliila, chekeni mmalize. Raha ile ndiyo iliyonidanganya. Nilidhani hiyo ndiyo theluji yenyewe, basi tumeshajuana.

Na kabla sijaondoka kuna bwana mmoja mtaani kwetu, alishawahi kukaa Ulaya, kila anayepata safari anapelekwa kwake kama kwa mganga. Nikamuuliza habari za buti. Akacheka. "Baridi ni akili tu. Mwanamme huvumilia. Pesa yako weka." Akanionesha picha amesimama kwenye theluji na fulana, mikono kiunoni. Nimekuja kujua baadaye kwamba mji aliokaa yeye theluji ikidondoka mara moja skuli zinafungwa, na picha ile kapiga mlangoni kwake, mkono mmoja kauondoa kwenye kitasa kwa ajili ya kamera. Mpaka leo tukikutana baraza ya kahawa ananiuliza "vipi, ulivumilia?" Namwamkia kwa heshima, mkubwa wangu yule, lakini moyoni nina yangu.

Sasa sikiliza kilichonifika. Siku hiyo ilikuwa nyuzi 22 chini. Nimetawadha chuoni, nimesali adhuhuri, nikavaa soksi zangu za pamba juu ya miguu ambayo haijakauka vizuri, raba za wavu juu yake, haooo kituo cha basi. Basi limenipita mbele ya macho. Nikasimama kusubiri jengine. Kwanza vidole vikauma, halafu vikachoma kama vya mtu aliyekanyaga upupu, halafu maumivu yakakatika. Nikafurahi! Nikasema ehee, kumbe yule bwana kweli, nimeshazoea.

Yakhe, maumivu yakikatika hujazoea. Nyama inaganda hapo.

Pale kituoni alikuwepo bibi mmoja mzee. Akaniangalia miguu, akaniangalia uso, akaniuliza kwa Kiingereza kama niko sawa. Nikatabasamu, niko sawa, ahsante. Mlango wa duka uko hatua chache nyuma yangu, ndani kuna joto, watu wamefungua vifua vya makoti. Sikuingia. Niingie nikaseme nini, sinunui kitu? Haya tu, na kujikaza kwa kulelewa: mtoto wa kiume halii, mgeni hasumbui watu.

Nilipofika nyumbani vidole vitatu vimekuwa rangi ya majivu, vigumu, ukivigonga havina habari. Nikafanya upumbavu wa pili, nikavitia kwenye maji ya moto ya bomba. Ngozi iliyokufa ganzi haihisi moto, kwa hivyo juu ya kugandishwa nikaviunguza mwenyewe. Malengelenge, kucha zikatoka, nikatembea na gongo kama mzee wa msikiti. Muuguzi akanieleza kile ambacho mtu angenieleza Unguja bure: maji ya uvuguvugu tu, nyuzi 37 mpaka 39, na mkono wa mtu mwengine ndio uyapime kwa sababu mguu wako haujui. Usisugue, usiweke kwenye hita wala motoni. Nikakosa mafunzo ya maabara, somo zima nikarudia mwaka uliofuata, na miezi ya kodi juu. Hizo pesa za buti nilizo"weka" ziko wapi? Mpaka leo nikiingia benki yenye kiyoyozi kikali, kidole kidogo kinalalamika kabla yangu.

Kwetu tunasema mvumilivu hula mbivu. Kule mvumilivu hukatwa kidole. Kwa hivyo kanuni yangu ni moja na nitaikariri mpaka mnifungie: mguu mkavu, na ukihisi baridi sema mapema. Usingoje vidole vinyamaze.

Mguu mkavu maana yake ni soksi za sufu, manyoya ya kondoo, si pamba. Pamba ikinywa maji inakaa nayo na haikupi joto tena. Sufu hata ikiwa na unyevu bado inakupasha. Buti liwe kubwa kuliko mguu kwa namba moja, vidole vicheze ndani, kwa sababu kiatu cha kubana kinazuia damu, na ukirundika soksi mbili ndani yake umejifunga kamba. Tena wengi hudhani theluji ndiyo itakayowalowesha. Kwenye nyuzi 20 chini theluji ni kavu, unaikung'uta tu. Maji yanatoka kwako: jasho, na udhu. Kausha katikati ya vidole kwa taulo kabla ya soksi. Na ule mlango wa kupaka maji juu ya khufu, zile soksi za ngozi, badala ya kuosha miguu, tuliousoma madrasa tukasinzia, kausome tena leo, mkaazi ana siku moja na usiku wake, na masharti yake muulize ustadhi wako kabla ya kupanda ndege.

Koti sikutishi nalo. Nunua huko huko, maduka ya mitumba wanayaita kirpputori yamejaa makoti mazuri kwa bei ya huruma. Lakini usingoje posho. Chuo kitakupangia mwanafunzi mwenyeji wa kukupokea. Mwandikie LEO, mwambie sina koti wala buti, naomba uniazimie uje nayo uwanja wa ndege. Najua linavyokuwasha hilo la kuomba. Na mie liliniwasha. Baada ya vidole nikalazimika kuomba kila kitu, gongo, madaftari, hata mtu wa kunishika mkono kwenye barafu, na hakuna aliyenicheka. Baridi ya pili niliendesha baiskeli kama wao. Oulu watu wanaendesha baiskeli kwenye theluji baridi nzima, watoto wa skuli kwa vikongwe. Siku ya mwanzo nilianguka mbele ya kundi la watoto wa darasa la pili hivi. Wakasimama wote, wakangoja niinuke, mmoja akanipa glavu yangu, wakaenda zao. Nikaendelea.

Halali na pesa watakujibu wengine, mie nimeshaandika gazeti. Kwenye nyumba zao viatu vinavuliwa mlangoni, hilo hutafundishwa na mtu.

Nina buti moja namba 43 na soksi za sufu jozi kadhaa, ziko Jang'ombe hazina kazi. Unavaa namba ngapi? Jibu hapa hapa, boti ya Pemba nitakuwekea mzigo.