Fundi anajibu: meza ya zamani na msasa

*Fundi, shikamoo. Nimenunua meza ndogo ya sebuleni pale soko la Mlango Mmoja, Mwanza, miguu yake myembamba chini, imetanuka kwa nje. Muuzaji anasema ni mtiki, kazi ya Denmark ya miaka ya 1960. Nitajuaje kama ni mbao tupu au vinia, ule ubao mwembamba unaobandikwa juu ya mwingine? (Nyegezi)*

Marahaba. Tafuta jicho au mchirizi wa pekee juu ya meza, kisha igeuze. Kama ni mbao tupu, utaukuta pia upande wa chini. Usipouona, huenda ni vinia, lakini usiidharau: mafundi wengi wa Denmark enzi zile walibandika vinia ya mtiki juu, wakatumia mbao tupu kwenye miguu na kingo. Ninachokusihi ni kimoja, mashine ya msasa isiiguse. Vinia ile kwa kawaida haifiki hata milimita moja. Niliwahi kuletewa meza kama yako baada ya kijana kupitisha mashine mara mbili ili "iwe mpya". Katikati palitoboka doa jeupe, ukubwa wa kiganja. Iliniuma sana, maana pale hakuna vanishi inayorudisha kitu. Yako ioshe kwa kitambaa chenye maji kidogo ya sabuni, ikaushe, uitazame upya.

*Kikombe cha chai kimeacha duara jeupe. (Kirumba)*

Huo ni unyevu ulionaswa kwenye vanishi, mbao yenyewe ni nzima. Tandika kitambaa kikavu cha pamba, pitisha pasi ya moto mdogo sekunde chache, inua, tazama, rudia. Duara likiwa jeusi, maji yameshafika kwenye mbao; hapo tafuta fundi.

*Mguu wa meza yangu ya mtiki unaachia kila nikiugundisha. (Bukoba)*

Mtiki una mafuta yake ya asili, ndiyo yanayoikataa gundi. Kwangua gundi yote ya zamani, futa kwa thina, ikikauka tu paka gundi ya mbao, usingoje kesho. Kaza kwa mpira wa tyubu, uache usiku kucha.

*Nikitaka meza ya kufanana na hiyo ya Denmark, nichonge kwa mbao gani? (Igoma)*

Mninga mkavu. Hausinyai ovyo.

*Nipake mafuta gani? (Pasiansi)*

Linsidi, yaani mafuta ya mbegu za kitani, ile inayouzwa ikiwa imeshachemshwa, kidogo tu, na baada ya nusu saa futa yote iliyobaki juu. Tafadhali, kitambaa ulichotumia usikifinyange ukakitupa kona ya karakana. Linsidi ikikauka hutoa joto, na kitambaa hicho kinaweza kuwaka chenyewe. Kitandaze nje kwenye kamba mpaka kikakamae.