Dawa ya damu, kalsiamu na haluli: maswali yenu kutoka Tanga

Kliniki wamenipa vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu. Nameza vyote pamoja asubuhi kwa chai ya maziwa ili nisisahau. Mume wangu anasema vinagombana. Ni kweli? – Mjamzito, Makorora

Mumeo amesema kweli, mama. Kidonge cha damu kina madini ya chuma. Kalsiamu hupunguza chuma kinachoingia mwilini, na maziwa nayo yana kalsiamu hiyohiyo. Majani ya chai yanazidisha, maana hushikana na chuma tumboni. Usiache dawa hata moja: chuma kinakukinga na upungufu wa damu, kalsiamu inapunguza hatari ya kifafa cha mimba. Vitenganishe tu. Cha damu meza saa nne asubuhi kwa maji na chungwa la Muheza, kwa kuwa vitamini C husaidia chuma kuingia. Kalsiamu iende na chakula cha mchana au cha usiku. Chai isubiri walau saa nzima baada ya kidonge. Kichefuchefu kikizidi, kula kitu kidogo kwanza. Afadhali kiingie chuma pungufu kuliko uache kabisa.

Tangu nianze vidonge vya damu nakaa siku tatu sijapata choo. Usiku nakunywa haluli. Je, haiitoi dawa yote? Sina mimba. – Dada wa Ngamiani

Pole, dada. Vidonge hivi hufunga choo, na wengi huviacha kimyakimya kwa sababu hiyo. Inaniuma, maana shida ina njia.

Chuma hufyonzwa mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Dawa nyingine za kufungua choo, kama sanamaki na bisakodili, hufanya kazi chini, kwenye utumbo mpana, kwa hiyo haziwezi kukirudia kidonge ulichomeza asubuhi. Haluli ni habari nyingine: ni chumvi ya magnesiamu, huvuta maji utumboni, na magnesiamu ikikutana na chuma hupunguza kufyonzwa kwake. Kwa kuwa unainywa usiku, chuma cha asubuhi kimeshapita. Kinachonitia wasiwasi ni mazoea. Kuharishwa kila mara kunamaliza maji na potasiamu, na kwa mwenye figo dhaifu magnesiamu hulimbikizana mwilini.

Anza na maji ya kutosha, papai na mboga za majani. Pumba za ngano hulainisha choo, lakini zina fitati inayoshika chuma, basi usizile wakati mmoja na kidonge. Ikishindikana, rudi kwa aliyekuandikia dawa. Anaweza kupunguza dozi, au akupangie umeze siku moja na kupumzika siku inayofuata.

Choo kugeuka cheusi ni kawaida kwa dawa hii. Kikiwa kama lami, kinanata na kunuka vibaya, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Shikamoo. Bibi yetu wa Pangani hutafuna vidonge vya magnesiamu vya kiungulia kila akila, na damu yake haipandi ingawa anameza dawa. – Mjukuu

Marahaba, mwanangu. Chuma cha vidonge kinahitaji asidi ya tumbo, na dawa ya kiungulia inaizima. Mpishanishie walau saa mbili. Lakini msiishie hapo. Mtu mzima mwenye kiungulia cha kila siku na damu isiyopanda huenda anavuja damu taratibu kutoka kwenye kidonda cha tumbo. Mpelekeni akapimwe, choo pia kipimwe. Na mwambieni daktari dawa zote anazotumia bibi, za maumivu ya viungo zikiwemo, kwani baadhi yake huchubua tumbo.

Nina mimba, natamani udongo kila saa. Unaharibu dawa ya damu? – Muheza

Unaweza. Udongo hushika chuma tumboni, hufunga choo, na unaweza kuja na mayai ya minyoo. Usione haya kumwambia nesi: hamu hiyo mara nyingi hutokea damu inapopungua. Mwombe akupime damu, na umuulize dawa ya minyoo. Hutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza ya mimba, nayo ni muhimu kwa sababu minyoo ya safura hunyonya damu kila siku hata kama vidonge unavimeza sawasawa.