Jibu: Nukta ya kijani kwenye kioo cha kompyuta mpya

Salaam, ndugu. Umeuliza kama nukta ya kijani isiyoondoka kwenye kioo cha kompyuta mpakato uliyonunua juzi inatosha kuirudisha dukani. Kwanza futa kioo kwa kitambaa laini, kisha fungua picha nyeusi tupu ijaze kioo kizima: nukta ikiendelea kung'aa, hiyo ni pikseli (kimoja cha vitone vidogo vinavyounda picha kwenye kioo) iliyokwama, ilhali iliyokufa hubaki nyeusi hata juu ya picha nyeupe. Yangu ilikuwa nyekundu, karibu kabisa na saa pale chini kulia, na programu ya kubadilisha rangi harakaharaka haikuisaidia. Tafadhali usiikandamize kwa kidole, kwani kioo kinaweza kuharibika zaidi. Watengenezaji wengi hawabadilishi kioo kwa nukta moja, kwa hiyo soma masharti ya waranti, kisha nenda kwa muuzaji mapema, ukiwa na risiti na boksi lake.